Redio Nyuma ya Ukuta

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na natumaini zitakukuta mzima na kifua kimeachia. Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma.

Bila shaka umesikia kwamba vipimo vya maabara vimetoka. Nyutrino, zile chembe ndogo zinazokaribia kutokuwa na uzito, zinachanganyika kwa kiwango kilekile ulichokitabiri wewe miaka sita iliyopita, kabla hujaiacha fizikia ukaenda kufundisha watoto desimali. Hapa idarani wananipongeza mimi. Mkuu wetu, yule tuliyemwita Bwana Kesho, amenipa ofisi yenye dirisha, na makala yangu inasifiwa kana kwamba chembe hizo niliziumba mwenyewe.

Unakumbuka makala yako ilipokataliwa? Ulikuja kwangu macho yamevimba, ukaniomba nikusomee maneno ya mhakiki kwa sababu wewe huwezi. Nikasoma. Alisema hesabu hazisimami, na mwandishi afikirie kazi nyingine. Nikamtukana mhakiki, nikakupikia chai. Ukasema heri yako una dada.

Unajua majarida yetu yalivyo: mhakiki hapewi jina la mwandishi, wala mwandishi hapewi jina la mhakiki. Lakini makala ile ilieleza uzito wa chembe kwa mfano wa redio ya jirani. Ilisema zaidi ya urefu, upana, kimo na wakati kuna upande wa tano tusiouona, na humo mna ukuta; chembe iliyo karibu na ukuta hupata uzito mwingi, iliyo mbali hupata kidogo, na nyutrino iko mbali kuliko zote. Ni kama watu wawili wamelala chumba kimoja, redio inalia nyuma ya ukuta, mmoja akausikia wimbo mzima, mwingine akasikia mvumo tu. Sasa nani mwingine, utotoni mwetu, alilala upande wa ukuta, akanihadithia asubuhi nyimbo nilizozikosa?

Nilikutambua ukurasa wa kwanza. Mhakiki yule ni mimi. Hesabu zako nilizirudia mara tatu nikitafuta kosa, sikulipata. Zangu, za jambo hilohilo, zilikuwa bado, na wivu ulinishika hadi nikasahau tumbo tulilotoka. Miezi minane baadaye nikachapisha. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu.

Leo nimemwandikia mhariri haya yote, na vitabu vyangu nimeshavifunga kwenye maboksi. Msamaha siombi, sina uso huo. Nisalimie wanafunzi wako. Mama mwambie wewe, mimi nimeshindwa.

Ni dada yako, niliyekusomea kwa sauti ya upole.