Mimba Ambayo Haikuwepo

Mlabani, Ifakara
14 Julai 2024

Kaka Shilinde,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi hamjambo huko Malinyi, na ng'ombe wanapata majani. Sisi tunaendelea vizuri kiasi. Nimempa Anselim, anayesafiri kuja huko, barua hii akukabidhi mkononi, maana kwenye simu ungenikatia kabla sijamaliza.

Juzi nimerudi na Mbuke kutoka Dar es Salaam. Mwanao hakuwa na mimba, kaka. Hakuwahi kuwa nayo. Ana uvimbe katikati ya ubongo. Ndio maana alikuwa anamaliza ndoo ya maji na kukojoa kila saa, tukadhani ni kisukari. Ndio maana alilalamika haoni ubao.

Daktari alinieleza kwamba uvimbe huo hutokana na chembe za jamii ya zile zinazotengeneza mayai ya uzazi, na wakati mwingine humwaga kwenye damu protini ileile inayotafutwa na kipimo cha mimba. Walimpima protini mbili, kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo. Hiyo ya mimba ilikuwa juu kidogo. Ya pili, ambayo ikipanda huashiria aina mbaya zaidi, ilikuwa kawaida. Wakakata kinyama kidogo cha uvimbe, wakakipima nacho, wakathibitisha kuwa ni aina inayosikia mionzi. Amepigwa mionzi wiki tano na uvimbe umenywea. Ila jicho la kushoto halitaona tena.

Sasa kaka, nisome taratibu. Nilikuambia daktari ndiye aliyempima mimba. Si kweli. Nilimpima mimi mwenyewe, pale maabara ninapofanya kazi. Ulipokwisha kumchapa na kumtoa shule, nilimpeleka ultrasound. Tumbo lilikuwa tupu. Sikukuambia. Nilijiaminisha kwamba ameitoa. Mtoto aliniapia hajamjua mwanamume, nikamwambia aache uongo. Ikapita miezi minne. Daktari anasema tungewahi, jicho lingepona.

Mbuke nimeshamwambia. Akasema nikuandikie na wewe, kwa kuwa fimbo zile ulizipiga kwa neno langu.

Shule itampokea Januari. Anataka umpeleke wewe.

Msalimie wifi na watoto wote. Msamaha wangu nitauomba mbele yako. Kwanza njoo umwone mwanao.

Mdogo wako,
Rosemery