Pemba Niliyokuletea kwa Siri

Yaya, dada yangu mupenzi,

Unajua mimi sikai pahali pamoja. Tangu lori ikubebe na mama kwenda Kalima, kwa hospitali ya kampuni ya madini kwenye shemeji, bwana yako, anafanya kazi, nimetembea kutoka stasioni ya treni mpaka bandarini mara sijui ngapi. Kuku za mama zimechoka kuniona.

Unakumbuka ile pemba? Mimba ilikuwa ya miezi minne, ukakataa hata sombe yangu ya majani ya muhogo, na mimi njo mupishi bora wa Kindu, usibishe. Ulitaka pemba tu, ule udongo mweupe wa kula. Nikashuka kandokando ya Lualaba, nikachagua, nikakausha juu ya bati. Ulivunja kipande, ukafunga macho.

"Hii inanukia mvua. Asante, mukubwa wangu."

Mimi, mudogo wako, mwenye kufukuzwa shule, kuitwa mukubwa.

Halafu muganga wa dispanseri alifunua jicho lako, akaniangalia mimi. "Malaria inakula damu yake, na ule udongo unazuia chuma ya chakula isiingie mwilini. Ameze hivi vidonge. Na wewe kijana, usimuletee tena."

"Ndiyo, sitwayeni," nikajibu, vile Chama kinataka tuitane, kwa sauti ya kuimbia nyimbo zake.

Kesho yake ukanivuta shati. "Kipande kimoja tu, mudogo." Nikaleta, nimeficha ndani ya kofia. Na kesho kutwa tena. Nilijiona mujanja kuliko muganga. Vidonge ulisema vinakuchafua tumbo. Niliviona chini ya mukeka, nikavifunika tena.

Asubuhi ya salongo, ile kazi ya lazima, watu wote wako barabarani na majembe, nikakukuta unatetemeka na jua ni kali. Viganja vyako vilikuwa na rangi ya pemba yangu. Tangu pale sijalala vizuri.

Jana dereva ameleta neno la mama: mutoto anacheza tumboni, lakini damu yako ni kidogo, wanatafuta ndugu wa kutoa yake. Unakumbuka siku ya chanjo, niliruka dirisha la shule, wewe ukacheka mpaka ukakaa chini? Basi cheka tena. Kesho alfajiri napanda lori, juu ya magunia ya muchele. Barua hii nitakupa mukononi, kwa sababu huu mudomo wangu wa kujisifu unashindwa kusema hayo ya kofia.

Mukono iko tayari, yaya. Macho tu njo nitafunga.

Uningoje mpaka nifike.

Mudogo wako, yule uliyemuita mukubwa