Aliyekuja na Albamu Mpya

Jumamosi, Wawi. Mvua ya vuli imekuja asubuhi, ikaacha, ikarudi saa tisa kwa hasira. Nami nimeshinda na hasira zangu.

Niandike wazi kabla sijaanza kujipamba: nina wivu. Si wivu wa mume, huyo sina. Ni wivu wa shoga yangu Raya, na chanzo chake ni bendi ya hevi metali.

Bendi yenyewe ni ya Wazungu wa huko kwenye theluji. Jina lao halitamkiki, kwa hivyo mimi na Raya tukawaita Nyundo tangu tuko skuli, kidato cha pili. Tulikuwa tukikaa kwao Ole tukichambua karafuu, sikio moja la hedifoni kwake, moja kwangu, vidole vikitoa makonyo, vile vijiti vyake, kwa mwendo wa ngoma zao. Mama yake, Bi Mgeni, alidhani tunasikiliza mawaidha, maana tulikuwa watulivu mno. Kuna wimbo mmoja ambao mwimbaji ananguruma, "Ole! Ole!" mara nne. Tulikubaliana kuwa anaita kijiji cha kina Raya. Amekisikia wapi hatukujua, wala hatukuuliza.

Mwaka huu Nyundo wametoa albamu mpya. Hawangurumi tena. Mwimbaji anaimba kwa sauti safi, kuna piano, kuna fidla. Grupu letu la mashabiki hapa Pemba, watu saba tu, limegawika. Kuna wanaosema tumesalitiwa na kuna wanaosema watu hukua. Mimi ndiye kinara wa waliosalitiwa. Nimeandika humo maneno marefu kuliko insha za wanafunzi wangu.

Na albamu yenyewe sijaisikiliza.

Nilisikia nusu ya wimbo wa kwanza, nikazima. Kisa ni Zuwena. Zuwena ni muuza dawa, mtu wa Shumba, ameolewa Ole juzijuzi na sasa ni jirani wa Raya. Nyundo amewajua kwa albamu hii hii. Raya ndiye aliyemtia kwenye grupu, hakuniuliza. Tangu siku hiyo nikiandika kuwa wametusaliti, Raya anamjibu Zuwena, mimi ananipita.

Leo nimekwenda Ole na baiskeli kusaidia kuchambua, kama kila msimu. Nimemkuta Zuwena jamvini, ubavuni mwa Raya, mahali pangu, na sikio moja la hedifoni liko kwake. Nikasalimu, nikakaa ng'ambo ya rundo la karafuu kama niliyekuja kuuliza njia.

Sikukawia kuchokoza. Nikasema albamu ile ni ya kubembelezea watoto.

"Dada Salma, nao washachoka," Zuwena akanijibu, kwa upole ule unaoniudhi. "Miaka yote hiyo wapiga kelele, koo si chuma."

"Kelele? Watu walikuwa wakiita Ole hii hii, weye hukujua hata kama wapo!"

Akacheka kidogo. "Ah, ile! Si Ole ile, dada. Neno la Kizungu, 'alone', lina maana ya peke yangu. Wameuimba upya wimbo ule, sasa lasikika. Raya kanihadithia mlivyokuwa mkilisikia nyie."

Vidole vyangu vikasimama. Nikamtazama Raya.

"Mie nlijua zamani," akasema, anachambua tu. "Tangu ulipokwenda chuo Unguja. Weye ulikuwa ukifurahi, nikwambie nini?"

Miaka yote hiyo. Hata jikoni siku ya harusi yake tulipiga ukelele wa Ole mpaka mashangazi wakatutoa, naye anajua. Mtu mwengine angeona mapenzi hapo, na huenda ni mapenzi. Mimi nimeona jambo moja tu, kwamba siri hiyo kampa Zuwena kabla yangu.

Nikasema ubaya. Nikamwambia Zuwena kuwa bendi ikishaanza kuwafurahisha watu wa aina yake, basi imekwisha. Bi Mgeni, aliyekuwa akichambua pembeni, aliinua kichwa. Raya akasema, "Yatosha, Salma," na uso wake sikuupenda.

Hapo mvua ikaja, tukainuka mbio kukunja majamvi yaliyoanikwa karafuu. Katika purukushani ile aliyezungumza nami ni Zuwena peke yake: "Shika ncha hiyo, dada." Nikashika. Tulipomaliza nikaaga, Bi Mgeni akinikataza, nikapanda baiskeli. Nimefika nyumbani nimeroa chapachapa.

Nimebadilisha nguo, nikaiweka albamu toka mwanzo. Nilitaka ushahidi. Nyimbo mbili za kwanza zimenipa, piano hiyo hainiingii kabisa. Lakini wa tatu! Mwimbaji anaanza peke yake, sauti imezeeka, inakwaruza. Ngoma haziingii mpaka katikati, na zilipoingia nilisimama na sufuria mkononi. Nilipiga ukelele jikoni mwangu, mtu mzima, mwalimu.

Wa kwanza niliyetaka kumwambia ni Raya. Nikafungua grupu, nikapandisha juu kwenye jumbe nilizokuwa nikiziruka kwa kiburi. Wimbo wa tatu upo. Raya na Zuwena wameuzungumza wiki mbili zilizopita, siku nzima, zile ngoma, ile sauti, kila kitu nilichotaka kusema. Wameumaliza. Sikuachiwa hata kokwa.

Nikaandika mstari mmoja: wimbo wa tatu si mbaya.

Raya ameuona. Hajajibu. Aliyejibu ni Zuwena, kwa maneno mawili.

"Karibu, dada."

Karibu! Mimi! Kwenye grupu nililolifungua kwa mkono wangu, jina lake nimelitunga mimi!

Nimekaa kitandani na simu. Kwetu mtu akikukaribisha hukai kimya, hata ukiwa umemchukia. Nimeandika, nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta.

"Ahsante, nishakaribia."

Imekwenda. Wivu haujakwenda popote.