Chiriku wa Darasa la Tatu

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila koo limekauka kwa vumbi la chaki.

Nimeletewa mwanafunzi mpya, binti wa miaka tisa, kiziwi tangu kuzaliwa. Mama yake humwita Chiriku, maana mikono yake haiishi maneno. Mwalimu mkuu kasema, "Kaa naye muhula huu. Akishindwa, aende shule ya viziwi." Shule yenyewe ni ya bweni, iko mbali, na mama mtu hataki kumtoa mtoto mikononi akiwa bado mdogo hivi.

Leo nimegundua kuwa naongea huku nimewapa watoto mgongo. Nilipogeuka, Chiriku alikuwa ametulia tu, anatazama kisogo changu. Nifanyeje?

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti liko palepale. Kwa kutabiri mvua linaishinda redio.

Nitasema kama mwalimu mwenzako, bila kuuma maneno: mpeleke kwa wanaojua lugha yake. Kule wapo walimu waliosomea kazi hiyo, wewe hukuisomea. Huruma bila ujuzi inalea, haifundishi. Na hao wengine wote darasani, watamngoja nani? Usinikasirikie.

Shangazi yako

14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa kimya, lakini sikununa. Ulisema sina ujuzi, nikaenda kuutafuta.

Mama yake Chiriku huja kila Jumatano baada ya masomo, ananifundisha ishara. Watoto walikuwa wanachungulia dirishani, tukawaingiza wote. Siku ya kwanza nilidhani namwambia Chiriku "kaa", kumbe namwambia "oga". Alicheka hadi akaanguka kwenye dawati.

Juzi mwalimu mkuu alikuja kukagua somo la nusu na robo. Chiriku akauliza swali kwa mikono, jirani yake akamjibu kwa mikono, darasa zima likaangua kicheko. Mkuu akaniinamia: "Wamesema nini?"

"Muulize yeyote, mwalimu."

Chumba kizima kilijua ila yeye. Mtoto mmoja akamtafsiria: "Anauliza, nusu ya chungwa bovu nayo ni nusu?"

Mkuu akakuna kidevu. "Hilo ni swali hasa," akasema.

Chiriku anabaki. Na Jumatano hii mkuu mwenyewe alikuja, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimgusa kidevu.

Mwanao

3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Pole na mitihani. Kuna jambo. Baba yake Chiriku ni fundi umeme, na kampuni imemhamishia mjini kwenu. Shule iliyo jirani na nyumba yao mpya ni yako, na darasa la tatu ni lako. Nimewaambia wakuulizie wewe. Najua nimetangulia kusema kabla ya kukuomba. Ataanza Jumatatu ijayo. Nijibu.

Mwanao

21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Kama umekasirika, nigombeze mimi. Mtoto hana kosa.

Mwanao

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na acha kunipigia kelele kwa barua. Vidole vyangu vilikuwa na kazi nyingine.

Jumapili ile, kabla Chiriku hajaanza, nilikwenda nyumbani kwao, nikamwambia mama yake anifundishe namna ya kumkaribisha. Jumatatu nikasimama mbele ya darasa, nikanyanyua mikono kwa madaha. Chiriku akakunja uso. Akaja mbele, akanishika vidole, akavinyoosha kimoja baada ya kingine hadi vikakaa sawa. Kisha akainua mikono juu na kuitikisa, ndiyo makofi yao, na wenzake wote wakafuata. Tangu nianze kushika chaki, sijawahi kupigiwa makofi kwa kukosea!

Msimamo wangu ni uleule: huruma bila ujuzi haifundishi. Kwa hiyo nimejiandikisha kozi ya lugha ya alama likizo hii, na wewe nimekuandikisha. Usilete visingizio.

Jambo moja tu. Chiriku amenipa jina la ishara: vidole viwili vinapita haraka juu ya pua. Wengine wanasema ni miwani yangu, wengine wanasema ni ukali wangu. Wewe huenda ukajua. Usiniambie. Nitajifunza mpaka niweze kumuuliza mwenyewe.

Shangazi yako