Boti ya Faiba Haina Kuni

Ijumaa. Asubuhi kulikuwa na mawingu, sasa jua limetoka na nguo kambani zimekauka. Moyo wangu bado una unyevu.

Nikiri kwanza: jana nilimjazia jirani yangu moshi nyumbani.

Hapa Matondoni chombo cha mbao kikifa, mwenyewe huwagawia majirani mbao mbovu wakapikie. Ndivyo nilivyomuona mamangu akifanya. Sasa boti yetu ya faiba, ambayo mume wangu Athumani aliinunua kuukuu kwa watu wa hoteli kule Ras Kitau, imepasuka chini mara ya nne, na fundi amesema basi. Athumani akaanza kuikata ubavuni kwa msumeno, vumbi likamuwasha, akaacha. Nami kwa mazoea tu nikampelekea Bi Zena kile kipande kilichokatika akawashie jiko.

Moshi ulitoka mweusi, unakaba. Bi Zena ana maradhi ya kifua. Wali ukamwagwa, naye akaenda kulala kwa dadake.

Kuni nazijua. Faiba ni kitu gani hasa? Nimekitazama kipande kilichoungua: ndani kuna nyuzinyuzi, kama kitambaa kilichomwagiwa gundi. Mchwa hawakitaki, maji ya chumvi hayakiozeshi. Kila kitu alichoumba Mola kina mwisho. Hiki mwisho wake uko wapi?

Athumani alitaka tukaizamishe mkondoni. Nikamuuliza, na nyavu za watu je? Akaliacha wazo hilo. Kuondoa udhia njiani ni sadaka. Kuuhamishia baharini ni nini?

Leo baada ya sala nilikwenda kumuomba radhi Bi Zena. Sauti imemkauka, ulimi mzima.

"Shoga, ukitaka nife, nambia mapema nivae vyema."

Nikacheka huku nalia. Amenisamehe. Kisha akaniuliza boti yenyewe ina upana gani, maana punda wake wawili wanaungua na jua.

Kufikia alasiri wanaume wanane walikuwa wameibeba na kuipindua kifudifudi juu ya vikuta vya mawe uani kwake. Punda mmoja ameingia. Mwenziwe bado anainusa tu, hana imani nayo.

Hata mimi.

Ufukweni pamebaki peupe, alhamdulillahi. Lakini boti haijafa, imegeuka kivuli tu. Punda watakufa, Bi Zena na mimi tutakufa. Atakayekuja kuiondoa pale, ataipeleka wapi?