Beti za Uyoga

Alhamisi, 15 Julai 2021
Nimetoka kazini, nyumba ya kutunza wazee. Wazee wawili wanakohoa, sote tumepimwa tena korona. Pua inawaka. Beti ya kaka yangu Salim imefika kwenye simu kabla sijavua viatu. Wiki ya tatu sasa tunalumbana, mimi Blacktown, yeye Minto, mitaa miwili ya Sydney hii hii, na kutembeleana marufuku. Sharti ni lile la kwetu Tanga: beti hujibiwa kwa beti, anayenyamaza kashindwa. Sijawahi kunyamaza. Zake siku hizi zimepooza. Nimemwambia wazi: mizani sawa, roho hamna.

Jumapili, 25 Julai
"Nimeiona sauti, imekaa kwenye kiti."
Nimeusoma mshororo huu wa Salim mara kumi. Nimeona wivu. Miaka ishirini natunga, sijaiona sauti hata siku moja.

Jumanne, 3 Agosti
Amekiri. Uyoga. Ule wa kulevya, anaupata kwa mwenzake wa ghalani. "Dada, sio bangi hii. Ni natural tu, inafungua macho." Kasoma mtandaoni kwamba Wazungu wengi waliandika vitabu vyao hivyo hivyo. Nikamwambia hata kwetu wapo waliotunga na mirungi shavuni, na waliotunga vizuri walikuwa wachache.
Nilipaswa kumkataza. Badala yake nikampelekea beti tatu kali, za kumchokoza. Nilitaka kuona atajibu nini.

Ijumaa, 13 Agosti
Kajibu beti tisa. Nzuri mno. Ya mwisho sikuielewa. Nimetuma kumi.

Jumatatu, 16 Agosti
Mkewe, Rukia, kapiga simu analia. "Wifi, siku mbili hajalala. Anaongea na ukuta. Anasema lazima akujibu." Ambulensi imemchukua.
Lazima akujibu. Uyoga kala yeye, lakini mpishi ni mimi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wala sikumchelea. Nilitaka beti zake.

Jumatano, 18 Agosti
Hospitali hairuhusu wageni. Hata Rukia. Nimezisoma beti zile tena, nikitumaini zimeharibika. Bado nzuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 5 Septemba
Salim yuko nyumbani tangu Alhamisi. Rukia anasema anakula, anacheka kidogo, na uyoga uliobaki kautupa mwenyewe chooni. Asubuhi simu ikalia. Yeye.
"Leo nimekula wali, nimelala, nimeamka."
Mshororo mmoja tu. Kina hakuna, mizani imezidi moja. Jibu likanijia papo hapo, tamu, la kummaliza. Nikaliandika lote. Nikalitazama. Nikalifuta.
Nikamwandikia: "Umenishinda, kaka."
Sare ya kazi niliyoifua usiku ilikuwa bado mbichi. Nikaitoa nje, juani.