Trekta Ndogo ya Bi Rukia

Faza, Kisiwa cha Pate

Baba yangu,

Naanza na mgongo wako, kwa sababu ukiulizwa kwa simu husema umepona. Umepona kweli? Na Mama, kifua kimetulia? Mimi na Aunti tu wazima, alhamdulillahi. Usishtuke, huku wote tunasema hivyo, hata Aunti kule zahanati anakofanya kazi.

Kwenye simu mimi hunyamaza, unajua. Karatasi hainikodolei macho. Na nakuandikia Kiswahili maana nikiandika Kiingereza naona kama mwalimu atanisahihisha.

Baba, huku kuna trekta. Iko Siyu, shambani kwa Bi Rukia, nyanya yake rafiki yangu Mwanaisha. Ni ndogo na kuukuu, kimo cha ndama, na kiti chake ni cha chuma chenye matundu, kama ile uliyonifundishia huko Moiben. Marehemu mumewe aliichagua ndogo ili ipite baina ya kuta za mawe. Nikakiri kwa Mwanaisha kwamba naipenda kuliko watu wengi. Kila kitu chake kiko nje, unakiona, unakigusa, wala haikuulizi mbona umenyamaza. Akanicheka hadi akakaa chini.

Lakini ilikuwa imegoma, na Bi Rukia alikuwa amechoka kuhangaika. Akasema ikikataa na Jumamosi, iende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Jumamosi akaifukiza udi, magurudumu yote manne. Bwana Shee, fundi wa mashine za boti, akazungusha hendeli ya kuwashia mpaka shati likalowa. Trekta ikatoa moshi wa buluu, ikakohoa, ikafa.

Mnunuzi akasema, "Mama, hii imekwisha. Tuikate twende, boti yangu inangoja bandarini Mtangawanda."

Bwana Shee akafungua plagi. Nikaziona, nyeusi, zimelowa oili. Nikamnong'oneza Mwanaisha.

"Sema wewe," akajibu. "Mimi si mdomo wako."

Wanaume wale wote, Baba. Lakini mtu wa mnunuzi alishainua msumeno, nikasikia sauti yangu inauliza, "Bwana Shee, petroli umeichanganya na oili?"

"Naam. Za boti zote huchanganywa. Kwani kuna mashine isiyochanganywa?"

"Hii haichanganywi. Oili yake ina mahali pake, chini."

Kisha Bwana Shee akajipiga paji la uso akicheka. "Basi mimi nimeifanya boti ya nti kavu." Akamwaga tangi lote mwenyewe, akasugua plagi kwa msasa, na kijana mmoja wa bodaboda akatuletea petroli safi.

"Mpeni ndia apite," Bi Rukia akawaambia wanaume. "Ndoo, mwanangu," akaniita kwa mkono.

Nikashika hendeli kama ulivyonionya, dole gumba upande mmoja na vidole vingine, lisivunjwe hendeli ikirudi kwa nguvu. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili ikanguruma, Baba, sauti ile ile ya kwetu. Nikapanda kitini, nikashusha plau, ardhi ikafunguka mpaka kwenye minazi. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi sikuinamisha kichwa.

Mnunuzi alikuwa bado amesimama. Bi Rukia akamwambia, "Bwana, boti yako ipakie nazi."

Sasa majirani wanaulizana zamu ya kulimiwa, na mvua ikikaribia ni mimi na Bwana Shee tunaotafutwa.

Nikwambie na hili. Wiki ile nilikuwa nimeamua kukuomba unirudishe nyumbani. Nilikuwa nalia bafuni ili Aunti asisikie. Usije kunichukua, Baba. Njoo ututembelee Desemba, na ubebe feni belti ya trekta, yetu imeanza kupasuka.

Mpe Mama mkono wangu, na Kogo akiwa jikoni mwambie mjukuu wake anakula samaki na miiba yake. Kiprop, kitinda mimba wetu, asiguse baiskeli yangu.

Ni mimi binti yako, mikono ikinuka petroli,

Chebet